Unga Juu ya Pistoni

Juma lililopita mliniacha mjini, Nsungwi, kwa fundi Apollinaire, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, naangalia gari letu limepasuliwa tumbo.

Kwa yule anayeanza kusoma leo: mimi ni mjane, Mama Lucie, mtu wa Bukavu, naishi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Marehemu mume wangu Zihindula aliniachia mtoto mmoja, Lucie, na gari moja la kubeba watu. Nyuma ya gari aliandika kwa mkono wake mwenyewe, rangi nyeupe, EBENEZERI, jiwe la msaada. Mkwe wangu Norbert njo anamuendesha. Mkanda wa motere, injini yenyewe, ulikatika njiani, supape, zile valvu zake, zikagonga pistoni, zikapinda.

Na Lucie ana mimba kubwa. Mimba ya kwanza alipasuliwa na mtoto hakuishi. Safari hii daktari wa mjini alimwambia: wewe usisukume, na uchungu usikukute nyumbani, maana kovu la ndani limekuwa jembamba kama karatasi.

Mpango wetu ulikuwa huu. Jumatatu, Norbert ampeleke Lucie mjini, Area 49, kwa dada yake Norbert, angojee pale karibu na hospitali kubwa. Minibasi hazikuwa za kutegemea. Mnajua wenyewe petroli ilivyokosekana, magari yanalala foleni kwenye vituo mpaka madereva wanafua nguo palepale. Tulikuwa na Ebenezeri tu. Na Ebenezeri alikuwa vipande vipande juu ya gunia.

Ilikuwa Ijumaa.

"Shemeji," Apollinaire akaniita, "unaangalia hiyo motere kama vile itakimbia."

"Ilishakimbia mara moja. Ikaniacha barabarani na viazi vya watu."

Akacheka. Apollinaire alikuwa rafiki ya mume wangu tangu Bukavu, alisoma ufundi kwa masista na mapadri, anapenda kueleza. Akainua kulasi, kile kifuniko kizito cha juu ambacho supape zinakaa ndani yake, akanionyesha sehemu ya chini inang'aa kama sahani.

"Ilipinda kwa moto. Nimeipeleka kwa watu wa mashine, wameinyoa ikanyooka. Lakini waliinyoa sana. Sasa imeshuka. Na ikishuka, supape zinashuka nayo, zinakaribia pistoni."

"Zitagongana tena?"

"Njo swali lenyewe hilo. Pistoni inapanda, supape inashuka, kila moja inapaswa kumpisha mwenzake. Zikipishana kwa milimita mbili, tunalala usingizi. Zikipishana chini ya hapo, tumerudi kwa viazi."

"Na utajuaje? Ndani hakuonekani."

"Unaweka kitu laini juu ya pistoni. Unafunga kulasi. Unazungusha motere kwa mkono, polepole, supape inashuka na kukanyaga kile kitu. Unafungua, unakata pale palipokanyagwa, unapima. Unene uliobaki njo nafasi yako."

Nilimuelewa vizuri. Hata mimi napima unga wa beignets, maandazi yangu ya kuuza, kwa kidole.

Shida, kitu laini hakikuwapo. Huwa anatumia ule udongo wa rangi wa batoto wa maternelle, wale wa chekechea, lakini wake ulikuwa umekauka, akiuponda unavunjika. Norbert akazunguka maduka ya Area 25 akarudi na chingamu.

"Hii ni ya kutafuna, Norbert. Mimi sitafuni motere."

"Ukiitafuna inakuwa laini, Papa Apollinaire."

"Basi tafuna wewe, paketi nzima, halafu utuambie meno yako yanapishana kwa milimita ngapi."

Norbert akaleta udongo wa kijitoni. Apollinaire akausugua kati ya vidole viwili, akautupa. Una mchanga, akasema, utakwarua silinda.

Hapo njo macho yake yakaangukia beseni langu.

Mimi popote niendako naenda na beseni. Asubuhi ile nilikuwa nimekanda unga wa beignets nyumbani kwa dada ya Norbert, nikauleta pale kwa fundi, niukaangie uani, maana mafundi wana njaa na wapita njia ni wengi.

"Shemeji, hiyo unga iko na levure ndani? Mi nataka unga uliokufa, ule usiosogea."

"Levure sikuweka," nikamwambia.

Na ni kweli. Mbele ya Mungu, levure, ile hamira ya dukani, sikuweka. Mlikumbuke neno hilo.

Akakata kipande, akakibandika juu ya pistoni ya kwanza, pale ambapo pana vishimo vya kupokea supape. Akapaka mafuta kidogo ili kisinase. Akalaza kulasi, akakaza bolti zake kubwa moja baada ya nyingine, akafunga mkanda. Norbert akashika funguo ndefu akaanza kuzungusha.

"Polepole! Hiyo si pampu ya maji!"

"Nimeenda polepole, Papa."

"Nenda polepole kuliko polepole yako."

Apollinaire aliweka sikio karibu na chuma kama daktari. Motere ikazunguka, ikazunguka tena. Hakuna kilichokwama. Akanyoosha mgongo.

"Sasa tufungue."

Wakati huohuo mwenye nyumba, mama mmoja Mchewa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akatoka jikoni. "Nsima yapsa! Tiyeni!" Ugali umeiva, twendeni.

Nsima ikishaitwa, nani atabaki na funguo mkononi? Tukanawa. Tukakaa mkekani. Na kwa kuwa mimi njo niko mjane na mkubwa pale, wakanipa maombi.

Nikaomba. Niliombea chakula, nikamuombea mwenye nyumba, nikamuombea Lucie na kovu lake, nikaiombea ile motere, kila pistoni na supape zake, nikamkumbusha Mungu jina lililoandikwa nyuma ya gari. Nikasikia Apollinaire anakohoa.

"Shemeji, Mungu alishasikia. Ni nsima njo inapoa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikasema amina. Tukala bila haraka. Jua lilikuwa kali, na motere ilikuwa juani, chuma cheusi kile, ukikigusa unaondoa mkono.

Tuliporudi, akafungua. Unga ulikuwa mzuri, umeshika alama ya duara kama mtu amebonyeza kwa kifuniko cha chupa. Akaukata na wembe, akaleta kipimo chake cha chuma chenye meno mawili, akabana pale pembamba, akasogeza kichwa kwenye mwanga.

"Tatu!" Akampiga Norbert mgongoni. "Milimita tatu! Mi nilikuwa naomba mbili! Wale watu wa mashine walikuwa na huruma kuliko nilivyowadhania."

"Ni maombi ya Mama," Norbert akasema.

"Ni maombi ya Mama Lucie na unga wake," Apollinaire akasema. "Funga."

Nilisikia furaha. Nilikaanga unga uliobaki nikawapa bure, wote.

Jumamosi Ebenezeri akaunguruma. Mimi nikarudi Dzaleka juu ya lori la kabichi, Norbert akabaki kupanga foleni ya petroli.

Sasa Jumapili.

Niliamka nikaenda kwenye unga kama kawaida, niukaange kabla ya ibada. Wale ambao si watu wa beignets, niwaeleze. Levure ni kitu cha dukani. Sisi wanawake wa hapa kambini hatuiweki kila siku. Kila jioni unabakiza donge la unga wa siku hiyo, unalifunika kwa bakuli. Asubuhi unalichanganya na unga mpya, na ule mpya unaamka wenyewe. Donge hilo tunaliita mama ya unga. Langu nilipewa na jirani yangu Iteka, Mrundi, naye alipewa na mwanamke mmoja aliyeshasafiri kwenda Australia. Sijui ni nani aliyeweka levure mara ya kwanza. Mimi sikuweka.

Nikabonyeza unga kwa kidole gumba, kuona kama umefika. Kikabaki kishimo. Nikaufunika kwa kitambaa, nikaenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi nikafunua kitambaa. Kishimo hakikuwapo.

Nikabonyeza tena, nikasimama palepale, nikaangalia. Sikuondoka. Polepole, kama mtu anayevuta pumzi akiwa amelala, unga ukapanda kutoka chini ukajaza mahali pa kidole changu.

Ndoo ya maji ilikuwa bado kichwani mwangu. Sikuwa nimeitua.

Supape ilishuka, ikabonyeza unga. Supape ikapanda. Sisi tukaenda kula. Mimi nikaomba kila ombi nililokuwa nalo, na jua likawa kali, na unga ukafanya kazi yake ya kila siku.

Ile milimita tatu haikuwa nafasi ya supape. Ilikuwa unga wangu.

Nikampigia Apollinaire. Simu imezimwa. Jumapili huwa anaimba besi kwenye kwaya, anazima simu tangu nyumbani. Nikampigia Norbert, haipatikani. Nikampigia tena Apollinaire.

"Nani unamtafuta hivyo, Mama?" Lucie akauliza kutoka kitandani. "Ni mchumba?"

"Nyamaza, we mtoto."

"Mi nakubali, ila asiwe mtu wa kunikoromea usiku."

Kabla sijamjibu nikasikia honi.

Norbert aliingia kambini kama bwana harusi. Batoto walikuwa wanakimbia nyuma ya gari, Iteka alikuwa ametoka nje anapiga vigelegele na mwiko mkononi. Tangi lilikuwa na mafuta nusu, akasema, amelala foleni lakini ameyapata. Akafungua boneti ili kila mtu asikie.

"Sikiliza, Mama! Inalia kama cherehani!"

Nikasikiliza. Kweli, ililia kama cherehani.

Hapa njo ninataka mniangalie vizuri, ndugu zangu, maana sitajificha. Mdomo wangu ulikuwa wazi na neno lilikuwa tayari. Lakini niliona uso wa Norbert. Tangu mkanda ukatike, mtoto wa watu alikuwa amekonda kwa aibu, maana gari la baba mkwe liliharibikia mikononi mwake. Siku hiyo alikuwa amerudi mrefu. Nikasema moyoni: Ebenezeri ametoka mjini mpaka hapa bila kugonga. Labda nafasi ipo. Labda Mungu ameisogeza. Nitamwambia baada ya ibada.

Baada ya ibada wachungaji wakaja kuweka mikono juu ya gari. Nikasema, nitamwambia baada ya chakula.

Tukiwa kwenye chakula Lucie akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema, "nimekojoa, lakini si mkojo."

Tukambeba mpaka kwenye zahanati. Muuguzi, binti mpole, akampima, na alipotoa mkono wake sura yake ilikuwa imebadilika.

"Njia imeanza kufunguka. Na huyu alishapasuliwa. Hapa hatupasui, Mama, lazima afike hospitali kubwa."

"Ambulansi?"

"Imeenda na mgonjwa mwingine, muda si mrefu. Nimewapigia. Wakishamshusha ndipo watageuza."

"Gari iko!" Norbert akasema. Alishakuwa mlangoni. "Gari iko, na mafuta iko! Mama, twende!"

Alirudisha Ebenezeri kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Iteka akaingia nyuma, wakamlaza Lucie, kichwa kwenye mapaja ya Iteka. Norbert akashika usukani. Na mimi nikasimama mbele ya boneti, mikono yote miwili juu ya chuma.

"Mama, ondoka hapo!"

"Norbert, unga ulipanda."

"Unga gani? Mama, ingia!"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa sentensi fupi, kishimo, kitambaa, mama ya unga. Aliniangalia kwa kioo cha mbele na nikaona anaelewa. Kwetu mkwe hamkazii macho mama wa mke wake. Siku hiyo alinikazia.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na nilipofungua boneti? Na wachungaji?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alitoa simu akapiga, na safari hii Apollinaire akapokea, nyuma yake watu wanaaga kanisani. Norbert akaweka sauti juu.

"Shemeji," Apollinaire akasema nilipomaliza, "mi nilikuuliza levure."

"Sikuweka levure. Kulikuwa na mama ya unga."

"Mama ya unga ni nani?"

"Ni donge la jana. Njo linaamsha unga wa leo."

Nikamsikia anavuta hewa.

"Miaka yote nakula beignets," akasema taratibu, "sikuwahi kuuliza zinavimba kwa nini."

"Papa Apollinaire, niende ao nisiende?" Norbert akapaza sauti. "Lucie iko ndani! Maji yamepasuka!"

"Ngoja. Nifikiri. Ngoja." Kelele za kanisani zikapungua, alikuwa anatembea. "Umefikaje Dzaleka? Ulikanyaga?"

"Hapana. Nilikuja polepole, nilikuwa nahurumia mafuta."

"Basi njo maana. Sikiliza, Norbert. Motere ikienda polepole, kila kitu kinakaa kwa urefu wake. Ikikimbia, vyuma vinanyooka, mkanda unanyooka, supape zinachelewa kurudi. Ile nafasi ndogo inakwisha. Inaweza kuwa imebaki milimita moja, inaweza kuwa nusu. Mi sijui. Hakuna anayejua. Kuna ile saa ya pembeni, ya mshale unaoonyesha motere inavyokimbia. Mshale usipite mbili. Gia kubwa, mguu mwepesi."

"Na ukipita?"

"Utasikia tak, tak, kama mtu anagonga kikombe kwa ukucha. Hapo zimeanza kukutana. Utoe mguu palepale. Ukiendelea, supape inavunjika, motere inakufa, mnabaki porini na mgonjwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nami nakuja kuwapokea njiani."

"Na gari gani?"

"Sijui bado," akasema, na simu ikakatika.

Muuguzi alikuwa bado ngazini. Nikamuuliza ambulansi, akatingisha kichwa. Ndani, Lucie akapiga kelele ya kwanza.

Sijawahi kukaa kiti cha mbele karibu na mkwe wangu. Ni kukosa adabu, kwake na kwangu, mimi siku zote nakaa nyuma kabisa, kitambaa kichwani. Siku hiyo nilifungua mlango wa mbele nikaingia.

"We angalia barabara," nikamwambia. "Mshale niachie mimi."

Tukatoka kambini kwa mwendo wa maandamano ya msiba. Mshale ulikuwa unacheza chini ya mbili, ukipanda nasema "mguu," Norbert anainua. Ukishuka sana gari linatetemeka, nasema "kidogo," anakanyaga kidogo. Nyuma Iteka alikuwa anamuimbia Lucie kwa Kirundi.

"Mbona hatuendi?" Lucie akalia. "Norbert! Mbona hatuendi?"

"Tunaenda, mama, tunaenda," Norbert akamjibu.

"Baba angemsukuma huyu Ebenezeri kwa magoti na angefika kabla yenu!"

Kwenye mwinuko mdogo kabla ya njia panda ya Dowa, kabaza mmoja akatupita. Baiskeli, nawaambia, na abiria nyuma amebeba kuku. Akageuka akacheka, akaita: "Amayi, ndikukokeni?" Anauliza kama atuvute.

Lucie akacheka. Katikati ya uchungu ule mtoto wangu akacheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine.

Tukaingia barabara kubwa. Ilikuwa tupu, ile tupu ya nchi isiyo na mafuta. Nilimpungia mkono kila dereva aliyekuja, na waliokuja walikuwa wachache, wote wanaelekea kule tulikotoka. Mmoja alisimama, akatuangalia, akagonga tangi lake kuonyesha halina kitu, akaenda.

Niliomba, lakini kwa macho wazi. Ombi langu lilikuwa fupi siku hiyo. Mbili. Usipite mbili. Mungu wa mume wangu, usipite mbili.

Tulivuka daraja. Mbele yetu mwinuko ukaanza, ule mrefu wa kabla ya Lumbadzi, ambao hata malori yanaupanda kwa kulia. Ebenezeri akaanza kupoteza nguvu. Norbert akashusha gia, mshale ukaruka mpaka kwenye mbili ukakaa pale unatetemeka. Tulikuwa tunatembea. Ningeweza kushuka nikatangulia kwa miguu.

Ndipo nikatambua kwamba nyuma hakuna anayelia.

"Lucie?"

Iteka alikuwa ameacha kuimba. Nikageuka. Lucie alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Mkono wa Iteka ulikuwa chini ya kitenge. Akautoa, akanionyesha damu, akaurudisha haraka ili Norbert asione.

Lakini Norbert alikuwa ameona kwa kioo.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikikanyaga, gari inaweza kufa. Nisipokanyaga..."

Akanitupia jicho.

"Niambie, Mama. Mi siwezi kuchagua hii. Niambie wewe."

Maisha yangu yote nimesema Mungu njo anajua. Nilisema kwenye kaburi la mjukuu wangu, nilisema kwenye kaburi la Zihindula. Nilifungua mdomo kulisema tena. Halikuja. Niliangalia mshale ule mwekundu, mwembamba kuliko sindano, na mlima mbele, na mkono wa Iteka chini ya kitenge.

"Kanyaga," nikasema.

Akakanyaga.

Ebenezeri akanguruma, akainua pua. Mshale ukapita mbili. Miti ikaanza kurudi nyuma, upepo ukaingia dirishani. Mshale ukaifuata tatu, na kwa pumzi moja niliamini, kweli niliamini, kwamba nafasi ipo.

Halafu, chini ya miguu yangu, kidogo sana, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha.

Tak.

Norbert akainua mguu.

Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, goti la mkwe wangu, nikalishindilia chini kwa nguvu zote nilizonazo.

"Usitoe mguu, mwanangu," nikasema. "Usitoe."